Reli iliyong'olewa kabla mzigo haujafika: barua ya wazi kuhusu stesheni ya Nachingwea

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Reli Tanzania,
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma,
Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

YAH: HISTORIA YA STESHENI YA NACHINGWEA NA RELI MPYA YA KUSINI

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Mimi ni mzaliwa wa Nachingwea, mwalimu mstaafu, mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) mwenye mikorosho yake michache. Sina cheo cha kuwalazimisha msome barua hii, na haina kumbukumbu namba. Naiandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadhara.

Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kilomita 1,000 hivi, pamoja na matawi yake ya Mchuchuma na Liganga, imo kwenye mipango ya Serikali miaka mingi sasa, na wabia wa kuijenga wanatafutwa. Ikitajwa mikutanoni, mara nyingi husemwa kana kwamba itakuwa treni ya kwanza kuonekana upande huu wa Rufiji. Sivyo. Kusini ilikuwa na reli, ilikuwa na bandari iliyojengwa mahsusi kwa ajili ya reli hiyo, na njia ilikuwa ikiishia hapa kwetu Nachingwea. Ilifunguliwa mwishoni mwa 1949. Ilifungwa 1962, ikang'olewa. Naomba faili la reli hiyo lisomwe kabla la reli mpya halijasainiwa, na nitaeleza kwa nini nadhani halijasomwa vya kutosha.

Tuanze ilikoanzia. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa haina mafuta ya kula. Watu wake walikuwa wakipimiwa majarini kwa kadi. Kampuni ya United Africa, iliyokuwa chini ya Unilever, ikaja na wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa matrekta, kwa ukubwa usiowahi kujaribiwa. Ukaletwa ujumbe wa wataalamu ukiongozwa na John Wakefield, mkurugenzi wa zamani wa kilimo wa Tanganyika. Walikaa wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi waliyoipendekeza waliiona kutoka kwenye ndege. (Mzee yeyote wa hapa angewaambia kwamba shamba hukaguliwa kwa jembe mkononi, tena wakati wa kiangazi.) Serikali ya chama cha Labour ikaukubali mpango, John Strachey, Waziri wa Chakula, akaubeba, na waraka wa Februari 1947 ukatangaza ekari 3,210,000 kwa gharama ya pauni milioni 24.

Ekari hizo ziligawanywa katika vitalu vya ekari 30,000 kila kimoja. Vilikuwa 107 vyote: 10 Kenya, 17 Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na 80 Tanganyika. Hapo watu wengi hukosea hesabu, kwa sababu Mpango wa Karanga ukitajwa kila mtu anaikumbuka Kongwa. Mkoa wa Kati ulipangiwa vitalu 15. Upande wa Urambo vitalu 10. Jimbo la Kusini lilipangiwa 55. Kwa maneno mengine zaidi ya nusu ya mpango mzima, wa nchi zote tatu, ilikuwa itoke huku kwenye misitu ya Nachingwea na majirani zake.

Kwa nini basi matrekta yalianzia Kongwa? Jibu ni reli. Reli ya Kati ilipita jirani, ikatosha kuvuta tawi fupi kutoka Msagali. Huku hakukuwa na kitu. Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza, walikuwa na kijireli chembamba cha toroli zilizosukumwa kwa mikono, kutoka Mingoyo karibu na Lindi kuelekea bara. Kwa mpango wa ekari milioni moja na nusu hicho hakikuwa kitu. Bandari ya maji marefu haikuwepo. Barabara zilikatika kila masika. Kusini, penye mvua za kuaminika zaidi na sehemu kubwa zaidi ya ardhi iliyopangwa, ikaambiwa isubiri hadi reli ikamilike, na Kongwa yenye udongo uliokauka ukavunja majembe ya matrekta ikatangulizwa kwa sababu treni ilikuwa inafika. Ukame wa 1949 ukamalizia kazi.

Wakati hayo yanatokea Kongwa, huku mafundi na vibarua walikuwa wanatandika reli. Ilianzia Mkwaya, ndani kabisa ya hori la Lindi, pale Mto Lukuledi unapokutana na maji ya chumvi. Mkwaya palikuwa pa muda tu, kwani meli kubwa hazikuweza kuingia na mizigo ilibidi iletwe kwa matishari. Bandari ya kudumu ilipangwa iwe Mtwara, ambako Mungu ameweka kina cha maji lakini binadamu alikuwa hajaweka mji. Mji wa eneo lile ulikuwa Mikindani. Mtwara mnayoijua leo, na mitaa yake iliyonyooka na viwanja vyake vipana kupita kiasi, ilipimwa kwa ajili ya karanga. Njia ya kutoka Mtwara ilikuja kuungana na ile ya Mkwaya mahali panapoitwa Ruo, halafu ikapanda kuja Nachingwea. Upana wake ulikuwa mita moja, sawa na Reli ya Kati, na tangu Mei 1948 reli zote za Tanganyika zilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi.

Treni ilifika Nachingwea mwishoni mwa 1949. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba Mpango wa Karanga umekufa, na pauni milioni 36 na ushee zikafutwa vitabuni. Pigeni hesabu, Waheshimiwa. Stesheni ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa mzigo wake ulipofutwa. Bandari ya Mtwara yenyewe ilikuwa bado inajengwa. Gati lake lilikamilika 1954, miaka mitatu baada ya kitu kilichojengewa kutoweka.

Miaka iliyofuata ina mambo machache ya kusimulia. Mashamba yaliyobaki yalikabidhiwa shirika dogo zaidi, Tanganyika Agricultural Corporation, lililojaribu kilimo cha ukubwa wa wastani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 likajengwa tawi la kwenda Masasi, ishara kwamba kuna mtu alikuwa bado anaamini. Mzigo uliopatikana ulikuwa wa msimu: mabehewa yalijaa miezi michache, miezi mingine yakarudi matupu. Njia ya kilomita zaidi ya 200, yenye bandari ya kisasa mwisho wake, haiwezi kuishi kwa biashara ya namna hiyo. Mwaka 1962, miezi michache tu baada ya bendera yetu kupandishwa, ikafungwa.

Sitaki kuwalaumu waliofunga. Tanganyika ya 1962 ilikuwa nchi maskini yenye wahandisi wa kuhesabika na mahitaji yasiyohesabika, na reli hii ilikuwa inakula fedha. Ningekuwa mhasibu wa shirika pale Nairobi, ningeshauri hivyo hivyo. Ninalolilaumu ni hatua iliyofuata. Kufunga reli ni uamuzi wa mwaka huu; mwaka kesho ukipata mzigo unaifungua. Kuing'oa ni uamuzi wa vizazi. Chuma kilikuwa na thamani mahali pengine, kwa hiyo reli zikafunguliwa, mataruma yakabebwa, likabaki tuta, na tuta lisilo na mwenyewe huliwa na mvua na mashamba ya mihogo.

Sasa angalieni kilichotokea baada ya reli kuondolewa.

Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vya kuikomboa Msumbiji. Nchi yetu ikawa mlango wa vita hivyo, na Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo. Kambi ilikaa kwenye moja ya mashamba ya karanga yaliyoachwa, lile la namba 17. Samora Machel aliliongoza jeshi lake kutoka pale. Wakufunzi wa Kichina walifundisha pale. Vijana waliovuka Ruvuma na bunduki walitoka pale. Silaha, chakula, dawa na watu vilikuja kwa malori na kwa ndege, kupitia barabara zile zile zilizokuwa zikikatika tangu enzi za Wajerumani. Miaka miwili tu kabla ya vita kuanza, kulikuwa na reli iliyotoka bandari ya maji marefu hadi hapa.

Halafu zikaja korosho. Wakulima wa Kusini, bila waraka wa London wala matrekta, walipanda mikorosho kwa jembe la mkono, na kufikia msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi, nyingi zikitoka mikoa hii. Tani 145,000! Huo ndio mzigo ambao reli ya Nachingwea iliutafuta kwa miaka 13 bila kuupata. Ulipofika, mzigo ulikuta tuta. Baadaye mavuno yaliporomoka kwa sababu nyingine, ukiwemo uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa uliowaacha wakulima mbali na mikorosho yao, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 tukawa chini ya tani 20,000. Yakapanda tena. Msimu wa 2017/18 tulivuka tani 300,000. Na msimu uliofuata, Novemba 2018, biashara ilipokwama Serikali ikaagiza jeshi likazisombe korosho, tukaona misafara ya malori ya kijeshi barabarani. Wengi waliipongeza hatua ile kwa ukakamavu wake. Mimi niliyatazama malori nikijiuliza nani alihesabu mwaka 1962.

Kwa hiyo historia ya stesheni ya Nachingwea ni hii: ilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja, ikaondolewa kabla ya korosho ambazo zilikuja. Makosa mawili, yote ya kuitazama Kusini kupitia zao moja lililochaguliwa na mtu aliyekaa mbali.

Nawaomba mlinganishe na reli ya Tanga, Moshi hadi Arusha. Ile nayo ilikosa treni za abiria kwa karibu miaka 30, vichaka vikaota katikati, watu wakafungua maduka ukingoni mwa njia. Lakini haikung'olewa. Serikali ilipoamua, vichaka vikafyekwa, madaraja yakakarabatiwa, mizigo ikaanza kwenda Moshi 2019, abiria Desemba mwaka huo huo, na Oktoba 2020 treni ikaingia Arusha. Kazi ile ilifanywa kwa kiasi kikubwa na mafundi wetu wenyewe kwa sababu chuma kilikuwa bado kimelala mahali pake. Singida nao wana ushuhuda wao: njia ya kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri ilijengwa miaka ya 1930, ikang'olewa miaka ya 1940, na taifa likaja kulipa upya kuwapelekea reli watu wa Singida miongo kadhaa baadaye. Kongwa tawi lao lilikwenda pia. Ukiziweka njia hizi mezani pamoja, somo linasomeka bila mshauri mwelekezi.

Nije kwenye reli mpya. Sababu kubwa inayotolewa kuijenga ni chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Naikubali. Nimeona malori ya makaa ya Ngaka yanavyoshuka kutoka Mbinga kwenda bandari ya Mtwara mchana na usiku, na nimeona yanavyoifanya lami ya Songea hadi Mtwara. Mzigo ule kweli ni wa reli. Lakini makaa ni bidhaa ya soko la dunia. Bei ilipanda baada ya vita vya Ukraine, ndipo malori yakajaa, ikishuka, yatapungua. Na nchi nyingi zinazonunua makaa leo zinatangaza kwamba zitaacha. Reli inayokopewa fedha za miaka 30 ikiegemea makaa peke yake inaweza kujikuta pale stesheni yetu ilipojikuta Januari 1951, imekamilika na mzigo umefutwa na watu ambao hawajawahi kufika hapa.

Kwa hiyo naomba upembuzi yakinifu wa reli hii uwe na sura nzima ya mizigo ya wakulima. Huku kuna korosho, kuna ufuta, kuna mbaazi. Vyama vikuu vya ushirika, RUNALI hapa kwetu, MAMCU upande wa Masasi na Mtwara, TANECU upande wa Newala na Tandahimba, vinajua ni tani ngapi zimepita kwenye kila ghala kila wiki ya mnada, kwa sababu mfumo wa stakabadhi ghalani unawalazimisha kujua. Takwimu hizo zipo. Mtu akikaa nazo wiki mbili anaweza kuchora stesheni zinatakiwa ziwe wapi, ghala kubwa kiasi gani, na mabehewa yanahitajika miezi gani. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata, korosho zinaanza Oktoba. Misimu hii ikipangwa vizuri, mabehewa hayatakuwa na miezi mingi ya kulala. Mwaka 1949 wakulima wa hapa hawakuulizwa wanalima nini. Wangeulizwa, wangetaja korosho, maana mikorosho ilikuwepo tayari.

Nataka pia behewa la abiria tangu siku ya kwanza. Najua jibu litakuwa kwamba abiria halipi kama mzigo. Ni kweli hesabu zinasema hivyo. Ila reli inayobeba udongo wa mwekezaji peke yake haina mtu wa kuitetea siku inapopata hasara. Tazameni jinsi wananchi wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma walivyoishikilia treni ya umeme tangu ilipoanza 2024: ikichelewa nusu saa nchi nzima inasikia. Reli ya Kusini ya 1962 ilikufa bila kelele, na nadhani ukimya ule ulirahisisha kazi ya wang'oaji.

Siombi njia ipindishwe ije Nachingwea. Ikielekea Tunduru na Songea, sisi tutabaki pembeni kidogo, na kilomita za kutoka hapa hadi Masasi tunaweza kuzimaliza kwa barabara nzuri. Wala sidai kwamba reli hiyo itatibu kila kitu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, mabasi yalikwama siku kadhaa na bei za bidhaa zikaruka; reli ya kwenda Ziwa Nyasa isingetuvusha siku zile, kwa kuwa haiungani na Reli ya Kati. Jambo hilo nalo lingefaa kuandikwa mahali kwenye ripoti, hata kama utekelezaji wake ni wa wajukuu zetu. Mtandao wa reli wenye kipande kisichogusana na kingine ndio tuliokuwa nao 1949, na upweke ule ulichangia kuua njia yetu. Kichwa cha treni kikiharibika huku, cha kuazima kilitakiwa kuja kwa meli.

Ombi langu la kisheria ni dogo na nadhani halina gharama. Sheria au mkataba wa ubia wa reli hii uwe na kifungu kinachosema kwamba njia ikifungwa kwa sababu yoyote, hakuna reli itakayong'olewa wala mkuza (ukanda wa ardhi ya njia ya reli) utakaogawiwa bila azimio la Bunge. Mbia akifilisika, aondoke na vichwa vyake vya treni kama ni vyake. Njia ibaki. Msituache tena na tuta.

Kuhusu tuta lenyewe. Halmashauri yetu ya Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni. Imo kwenye orodha ya Tume ya Uchaguzi, ina diwani, wananchi wake wanapiga kura. Vijana wengi wanaozaliwa humo hawajui stesheni ipi. Nimefundisha miaka mingi na katika mtaala Mpango wa Karanga unapita kwa aya moja, chini ya kichwa cha kilimo cha kikoloni, Kongwa ikitajwa na Nachingwea ikiachwa. Mtoto wa Kata ya Stesheni anafaulu mtihani wa historia bila kukutana na stesheni yake. Mabaki yanazidi kupotea kila mwaka: makalvati, misingi ya majengo, sehemu za tuta zinazoonekana vizuri zaidi baada ya mashamba kuchomwa moto. Timu ya wapimaji itakayokuja kwa ajili ya reli mpya itakuwa na vifaa na ndege nyuki za kupiga picha. Kupima na njia ya zamani kuanzia Mkwaya na Mtwara, kupitia Ruo hadi hapa, kutawaongezea kazi ya siku chache. Waipime, waichore, ramani iwekwe wazi kwa halmashauri zote zinazohusika. Pengine hata wahandisi watafaidika. Waliochagua mwinuko ule na vivuko vile vya mito miaka ya 1940 walikuwa wanakabiliana na Lukuledi ile ile.

Mkurugenzi wa Nyaraka, hapa nakugeukia wewe. Shirika la Reli na Bandari lilikuwa na makao Nairobi, likawa Shirika la Reli la Afrika Mashariki 1969, likavunjika pamoja na Jumuiya 1977, na kila nchi ikachukua chake. Katika mgawanyo ule karatasi za njia iliyokwisha kufa hazikuwa kipaumbele cha mtu yeyote. Nyaraka za Mpango wa Karanga kwa upande wa Serikali ya Uingereza zimehifadhiwa London. Sasa tuna Jumuiya tena, tuna ubalozi London na tuna mashine za kunakili kidijitali. Naomba orodha ya kile kilichopo Dar es Salaam, Nairobi na London kuhusu njia ya Kusini itengenezwe, na nakala zake zipatikane hata kwa mwalimu wa sekondari aliye Nachingwea ambaye hana nauli ya kwenda Upanga.

Na kuna kumbukumbu zisizo kwenye karatasi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 akifunga mizigo au kukaza vyuma kwenye gengi la reli mwaka 1960 sasa amepita miaka 80. Wako wachache, na tunawazika. Kila msiba wa mzee wa reli huwa nasikia hadithi mbili tatu mpya makaburini, kutoka kwa wenzake waliobaki, halafu tunatawanyika. Chuo cha Ualimu Nachingwea kina wanachuo wenye simu za kurekodi. Wakipewa maswali yaliyopangwa na mtaalamu wa historia simulizi, wanaweza kuzunguka vijiji vya njia nzima kwa likizo moja. Gharama yake ni nauli na posho ndogo, haifiki hata bei ya mabango ya uzinduzi.

Tanzania inasimamia Mpango wa Urithi wa Ukombozi wa Afrika, na Kongwa imeanza kupewa heshima yake kama kambi ya wapigania uhuru. Nachingwea inastahili hiyo pia, na stesheni isitenganishwe na kambi. Historia hizi mbili zilikaa kwenye ardhi ile ile, moja baada ya nyingine. Mgeni kutoka Maputo anayekuja kuona alikoishi Samora aonyeshwe pia kwa nini palikuwa na majengo matupu, barabara za shamba zilizonyooka na uwanja wa ndege katikati ya pori: vilikuwa masalia ya ndoto ya mafuta ya majarini. Wanajeshi wa FRELIMO walikuta mji ulioandaliwa na wakoloni, wakautumia kuwafukuza wakoloni. Sijui mahali pengine Afrika ambapo mtu anaweza kuyaonyesha hayo kwa kutembea kilomita chache.

Mikutano ya wananchi kuhusu fidia ya mkuza itakapoanza, tafadhalini ipangwe nje ya miezi ya kuokota korosho, yaani kabla ya Septemba au baada ya Januari, maana mkiwaita watu msimu mtakutana na viongozi wa vijiji peke yao na mtaandika kwamba wananchi wamekubali. Wasilisho la wahandisi liletwe kwa Kiswahili na libandikwe ofisi za kata wiki mbili kabla. Mimi nitakuwepo kwenye mkutano wa Masasi, na swali langu la kwanza litakuwa kuhusu kile kifungu cha kutong'oa reli.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Nachingwea, Lindi

Nakala:
Wabunge wa majimbo ya Mtwara, Lindi na Ruvuma
Mwenyekiti, Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI
Mkuu wa Chuo cha Ualimu Nachingwea